Edna Akataa Mara Mbili

Familia ya Sugden ilifika Makumbusho ya Tramu ya Ravensclough saa nne kasoro robo, robo saa kabla ya milango kufunguliwa, kwa sababu Clifford Sugden hajachelewa popote tangu azaliwe, na hakuwa na nia ya kuanza siku ambayo anatimiza miaka sabini na mitano. Mvua ilikuwa inanyesha. Basi wakakaa ndani ya gari, vioo vimejaa mvuke, wakanywa chai ya chupa na kula mikate ya mayai waliyokuwa wameifunga kwa ajili ya mchana. Ilikuwa mwezi wa Julai, na wote wanne walikubaliana kwamba hali ya hewa si mbaya sana. Sisi watu wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ndivyo tunavyojistarehesha.

"Kule magharibi kunaanza kuwa kweupe," alisema Janice, binti wa Clifford, akipangusa kioo kwa mkono wa sweta.

"Kule ni mashariki, mwanangu," alisema Clifford.

"Haya baba, kweupe ni kweupe."

Clifford alikuwa hatulii kitini. Alikuwa dereva wa tramu mjini Aldersyke enzi za ujana wake, mpaka mwaka 1959 tramu zilipoondolewa na reli zikang'olewa barabarani. Baada ya hapo aliendesha mabasi miaka thelathini na moja, akayachukia yote. Sasa Janice alikuwa amemnunulia zawadi ya saa nzima ya kuendesha tramu ya kweli, kwenye reli za kweli, na mwalimu pembeni. Kwa wiki tatu hapakuwa na mazungumzo mengine nyumbani. Hata mkata nyama alikuwa ameshaambiwa, tena mara mbili.

Edna, mkewe, alikaa kiti cha nyuma na kikapu mapajani, karibu na Robyn, mjukuu wao wa miaka tisa. Edna naye alifanya kazi kwenye tramu zile zile. Alikuwa kondakta miaka sita, mkoba wa nauli begani, akipiga kengele jukwaa la nyuma, na ndiko alikokutana na Clifford. Lakini hakuna aliyefikiria kumnunulia yeye zawadi kama ile, na sababu ilijulikana na wote, maana Clifford aliisimulia kwenye kila harusi na kila mazishi.

"Edna wangu alipenda kengele," alikuwa akisema. "Nyuma ndiko kwake. Mbele hakupataka kabisa, hata kwa dawa."

Edna hutabasamu na kumwongezea mtu chai.

Ulikuwa uongo mtupu, ila Clifford ameusimulia muda mrefu hata akasahau kuwa ni uongo. Mwaka 1957 Edna aliwaandikia wakubwa wa karakana barua akiomba kufundishwa udereva. Wakubwa hawakutaka kusema hapana kwa midomo yao wenyewe, wakalitupia suala hilo kwa madereva, wapige kura ya kunyoosha mikono kwenye ukumbi wa chai. Edna alikuwa amesimama mlangoni. Aliona mikono thelathini na mmoja ya kukataa. Mkono wa tatu kutoka dirishani, umenyooka kuliko yote, ulikuwa wa Clifford Sugden, ambaye walikuwa wanakwenda dansi pamoja kila Jumamosi tangu masika.

Aliolewa naye mwaka uliofuata. Alimpenda, na hadi leo anampenda. Lakini lile jambo alilimeza, na halikuwahi kuyeyuka tumboni. Asubuhi ile ndani ya gari, akiwa na miaka sabini na mitatu na kikapu cha mikate mapajani, Edna alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni kuushika ule mpini wa shaba wa dereva kwa mkono wake na kuiondoa tramu. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote.

Milango ilipofunguliwa, mvua ikakatika. Ravensclough ni mtaa mzima uliojengwa upya kama ulivyokuwa zamani, na watu wanaofanya kazi humo huvaa mavazi ya wakati huo na kujifanya hawajui kama kuna wakati mwingine. Polisi mwenye masharubu ya kubandika alimsimamisha Robyn na kumuuliza kwa nini binti wa heshima anatembea bila kofia. Robyn akacheka hadi akashikwa na kwikwi. Kwenye duka la peremende walipewa peremende ngumu za tangawizi ndani ya mfuko wa karatasi, na Clifford akavunja jino la bandia, akalitia mfukoni, akasema leo hata likivunjika taya haidhuru.

Waliingia kwenye nyumba moja ya wafanyakazi. Robyn akaangalia jiko la makaa, birika jeusi, na beseni la bati lililotundikwa ukutani.

"Bibi, ulikuwa umeshazaliwa wakati huu?"

"Nilizaliwa ndani ya chumba kama hiki hiki," alisema Edna. "Na lile beseni ndilo nililoogea, mimi wa nne, maji yale yale."

"Kinyaa!"

"Wa tano alikuwa mdogo wangu Stanley. Yeye ndiye wa kumwonea huruma."

Msichana mwenye aproni alikuwa akiwaonyesha wageni jinsi ya kufua kwa ubao. Alikuwa ameushika juu chini. Edna alimtazama muda mrefu, vidole vinamwasha.

"Vizuri sana, mwanangu," alimwambia. "Unafua kama mama yangu."

Ndivyo alivyolelewa. Kwao, kumsahihisha mtu mbele za watu ni ukorofi, na kuomba kitu kwa ajili yako mwenyewe ni ukorofi zaidi.

Saa tano wakaenda kituoni. Tramu iliyowasubiri ilikuwa namba 46, ya ghorofa, kijani na rangi ya maziwa, shaba zake zimesuguliwa mpaka unaweza kujinyolea ndevu kwenye mwanga wake. Mwalimu alishuka kuwapokea, na Edna akasimama ghafla hata Janice akamgonga kwa nyuma. Mwalimu alikuwa mwanamke. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, kofia ya dereva kichwani, na mafuta meusi kwenye kucha.

"Naitwa Gail," alisema. "Nani anasherehekea kuzaliwa?"

"Mimi hapa!" Clifford aliitikia kama mtoto wa shule.

Niwaambie ukweli, Clifford aliendesha vizuri. Alipeleka tramu mpaka machimboni juu kilimani na kuirudisha, mara tatu, akiimba, akikanyaga kengele ya mguu kwa kila kondoo aliyemwona ng'ambo ya uzio. Mara ya kwanza alikipita kituo kwa hatua nne, akasingizia unyevu kwenye reli. Machozi yalimtoka waziwazi, na Edna, aliyekaa kiti cha mbele nyuma ya kioo, alimfurahia kweli kweli. Wakati huo huo macho yake hayakuacha mkono wa kushoto wa Clifford, ule wa mpini. Alihesabu naye kila jino la mpini, kila hatua ya kuongeza mwendo. Mara mbili alimwona anaharakisha, akabana midomo.

Waliporudi kituoni mara ya tatu, Gail akatazama saa yake.

"Tumebakiwa na dakika kumi na tano. Safari moja zaidi inatosha. Mzee amechoka goti, naona. Mama, wewe je? Ungependa kujaribu?"

Hapa inabidi nieleze kidogo. Kwetu, mtu akikupa kitu hukipokei. Unakataa. Anakupa tena, unakataa tena, sasa kwa sauti ya chini. Mara ya tatu unasema, haya basi, kama hutaki kukitupa, na ndipo unakula keki uliyokuwa unaitamani tangu uvue koti. Kukubali mara ya kwanza ni ulafi. Watu wamekaa na njaa kwenye sebule za Aldersyke kwa sababu mwenyeji hakujua kuhesabu hadi tatu.

"Aa, hapana, mwanangu," alisema Edna. "Mie niko sawa."

"Una hakika?"

"Usijisumbue kwa ajili yangu."

Hiyo ilikuwa ya pili. Edna akashusha kikapu sakafuni, akanyoosha sketi, akasubiri ya tatu.

Lakini Gail alizaliwa Kent, kusini kabisa, ambako mtu akisema hapana wanadhani amesema hapana.

"Sawa, mama," alisema kwa moyo mkunjufu, akageukia jukwaani. "Kuna mwingine anayetaka?"

"Mimi!" alisema bwana mmoja kabla swali halijaisha. Alikuwa amesimama hapo asubuhi nzima na daftari lake, akiandika namba za tramu, beji zimejaa kofiani. Naye alikuwa mtu wa kusini, bila shaka. "Mimi nataka! Nataka sana!"

Akapanda. Hakukataa hata mara moja.

"Afadhali hivyo," Janice alimwambia mama yake, akimpapasa bega. "Najua mbele hupapendi."

Edna alimtazama yule bwana akisimama mahali pa dereva, akipiga picha ya kila skrubu. Alijikasirikia kuliko alivyowahi kumkasirikia Clifford. Mwaka ule walimnyima watu thelathini na mmoja. Leo hakuna aliyemnyima. Mlango ulikuwa wazi, na amejifungia mwenyewe, kwa adabu.

Bwana wa daftari akaweka mkono juu ya mpini wa shaba.

"Kumbe mwepesi tu huu," alisema.

"Samahani," alisema Edna.

Ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Wote wakageuka. Alikuwa amesimama, uso umemwiva, ameshikilia nguzo ya kiti kwa mikono miwili.

"Samahani sana. Nimeulizwa nikasema hapana. Nilikuwa nadanganya."

Unaweza kumwaga chai kwenye zulia la mwenyeji wako, au kumsahau jina bwana harusi siku ya harusi, na watu watakusamehe. Kurudisha hapana yako wakati mtu mwingine ameshanufaika nayo ni jambo ambalo Edna hakuwahi kuliona likifanyika.

"Oh, samahani mimi!" bwana wa daftari aliruka kutoka kwenye mpini kama umemuunguza. "Bibi, tafadhali, samahani."

"Hapana, samahani ni yangu," alisema Edna.

"La, la, kosa ni langu," alisema Gail. "Samahanini wote wawili."

"Mama, samahani, sikujua," alisema Janice, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Waliendelea kuombana radhi hivyo karibu dakika nzima, na huenda wangekuwepo hapo mpaka leo kama Robyn hangepaza sauti.

"Lakini Babu anasema Bibi hapendi mbele!"

Wote wakamtazama Clifford. Clifford alikuwa amekaa akilisugua goti lake, tangawizi shavuni.

"Si ndivyo?" alisema. "Edna? Si wewe ulipenda kengele?"

"Niliomba udereva, Clifford. Mwaka hamsini na saba. Mkapiga kura."

Tangawizi ikaacha kuzunguka mdomoni mwa Clifford.

"Mkono wako ulikuwa wa tatu kutoka dirishani," alisema Edna. "Nilikuwa mlangoni."

Clifford alibadilika rangi, akawa mwekundu kuanzia kwenye kola hadi kwenye upara.

"Ulikuwa unajua," alisema hatimaye. "Miaka yote hii."

"Arobaini na tisa."

"Na ukakubali kuolewa na mimi?"

"Ulikuwa unacheza dansi vizuri."

Robyn akacheka, na Janice akamziba mdomo, ingawa mwenyewe mabega yalikuwa yanamtikisika. Clifford hakucheka. Aliishika kofia yake mikononi akawa anaizungusha.

"Dereva na dereva hawapangwi tramu moja," alisema polepole. "Wangekupa tramu yako, Edna. Mimi wangeniletea kondakta Harold Pugh na kikohozi chake. Kila asubuhi nilikuwa nakusikia huko nyuma, unawatania wazee, unawafukuza wahuni ngazini. Nilikuwa naendesha huku natabasamu peke yangu kama zuzu. Nikafikiri, nikinyoosha mkono huu, nitaendelea kumsikia. Basi. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilikuwa mjinga na mchoyo."

Edna alimtazama. Ghadhabu ya miaka arobaini na tisa ilikuwa bado ipo, lakini sasa ilikuwa na mwenzake, na yule mwenzake alikuwa furaha, na hakujua la kufanya na vyote viwili kwa wakati mmoja.

"Ungeniambia," alisema.

"Nilidhani utasema hapana."

"Ningesema hapana mara mbili, Clifford. Mara mbili tu! Wewe si mtu wa kusini!"

Hapo ndipo wote wakaangua kicheko, hata bwana wa daftari, ambaye hakuelewa kilichochekesha. Clifford akainuka na goti lake, akafuta macho.

"Goti hili linaweza kusimama nyuma," alisema. "Nani anapiga kengele kwenye tramu hii? Mwacheni kondakta apite!"

Akaenda jukwaa la nyuma, akajikwaa ngazini, akajikaza kisabuni. Gail akapanga mambo haraka: Edna atapeleka tramu juu mpaka machimboni, bwana wa daftari atairudisha. Katikati ya njia kuna kituo, hapo penye kibanda cha bendi. Janice na Robyn wakakata njia ya bustanini kwa miguu ili wawahi pale na kamera.

"Utasimama kibandani, mama, wapige picha, wapande, kisha tuendelee," alisema Gail. "Umewahi kushika mpini?"

"Kamwe. Lakini nimeukodolea macho miaka sita kupitia kioo."

Edna alivua glavu zake, akazikunja, akazitia mfukoni. Kisha akaishika shaba.

Ilikuwa ya baridi, na nzito kuliko alivyodhani. Huko nyuma Clifford akapiga kengele mbili, za kuondoka, na Edna akasogeza jino la kwanza. Tramu ikaruka kwa kishindo. Daftari la bwana likaanguka, na Edna akamsikia mumewe akipaza sauti kwamba kuna wazee humu ndani.

"Nyamaza wewe, kata tiketi!" alijibu bila kugeuka.

Jino la pili. Alihesabu mpaka tatu, bila haraka, na la tatu likaingia kama siagi. Mngurumo ukampanda kutoka miguuni mpaka magotini, harufu ya vumbi la moto na waya ikamjaa puani, na mtaa wa zamani ukaanza kumjia: duka la peremende, polisi wa masharubu aliyepiga saluti, yule msichana wa ubao aliyetoka mlangoni na mikono ya sabuni. Edna alimkanyagia kengele ya mguu. Miaka sita alikuwa ameiona barabara ikienda nyuma yake. Leo ilikuwa inamjia usoni, na upepo na matone ya mvua kutoka mitini, akajiona anacheka kwa sauti, peke yake, mdomo wazi, na hakuona haya hata chembe.

"Unaendesha vizuri kuliko yeye," alinong'ona Gail.

"Nilijua."

Wakaacha nyumba, wakaingia bustanini, na mbele, chini ya miti, kibanda cha bendi kikaonekana. Janice alikuwa amesimama kituoni na kamera imeinuliwa. Robyn alikuwa amenyoosha mkono wa kusimamisha tramu, kama alivyofundishwa, bega limeinuka hadi sikioni. Huko nyuma Clifford akapiga kengele moja, ya kusimama. Safi, wala hakukosea.

Mkono wa Gail ulisogea karibu na breki.

"Mama," alisema. "Kituo."

"Nimekiona," alisema Edna, akausogeza mpini jino moja mbele.